Swichi ya Nyumba Kubwa

Miaka ile kiwanda kilipoacha kulipa, Papa alipangisha nyumba yetu kwa mfanyabiashara wa madini kutoka Kakanda. Sisi tukahamia annexe, kile chumba cha uani kilichojengwa zamani kwa ajili ya mtumishi. Nilikasirika kupita kiasi. Ubaya zaidi, swichi ya taa ya annexe ilibaki ndani ya nyumba kubwa. Papa, fundi umeme, ndiye aliyeiweka pale kwa mkono wake.

Mimi nilihangaikia kazi. Kituo kimoja cha kufundisha kompyuta kilitaka mwalimu, na mkuu wake alinipa jaribio: niandae mazoezi ya hesabu katika kurasa za wavuti, zifunguliwe kutoka kwenye disketi, maana intaneti tuliisikia tu. Kama ningepata kazi, mshahara wangu ungechukua nafasi ya kodi, mpangaji angeondoka, nasi tungerudi ndani kwetu.

Nilitengeneza ukurasa wenye kisanduku cha alama juu, na ndani yake nikapachika ukurasa mwingine wenye maswali. Mwanafunzi akijibu, alama zilitakiwa zipande. Wapi! Siku nzima pale kituoni nilibadilisha jina la kisanduku, nikafuta, nikaandika upya, nikaitukana mashine. Kila mara ilijibu kwamba kitu hicho hakipo. Kipo, wewe mashine jinga, nakiona kwa macho yangu!

Nilirudi nyumbani nimenuna. Jioni umeme ulikuja, lakini mpangaji alikuwa ameenda kwenye maombi na funguo zake. Nikaanza kupapasa ukuta wa annexe kwa hasira.

"Weye, unatafuta nini mu ukuta?" Mama alicheka. "Interrupteur iko mu nyumba kubwa. Humu haiko."

Nilibaki nimesimama, mkono ukutani. Ukurasa wangu wa ndani nao ulikuwa unajipapasa wenyewe, kumbe kisanduku kiko kwenye ukurasa wa nje. Asubuhi, mbele ya jina la kisanduku, niliongeza neno moja la kuuambia utoke kwanza, uende kwenye ukurasa unaoubeba, ukitafute kule. Alama zikapanda. Mkuu alijaribu maswali kadhaa, akaniambia nianze Jumatatu.

Nilikimbia hadi nyumbani. Nikamwambia Papa kwamba, tukingoja mpangaji aondoke, kwa mshahara wa kwanza tutanunua waya na swichi, tuvute hadi annexe, tuache kumwomba mpangaji mwanga. Papa alikuwa ameketi kizingitini, akitazama mlango wa nyumba yake.

"Apana, mwana," alisema. "Nikiweka interrupteur humu, tutabakia humu."