Mnyoosha Dola wa Masisi Aliyeitafuta Bei Nzuri Kampala

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, soko la Masisi, mashariki mwa Kongo, halijachangamka, lakini pasi ya mkaa ya Adelaïde Uwimbabazi imeshapata moto. Anaisogeza karibu na shavu, anatikisa kichwa. Bado kali mno. Mbele yake Nsengimana, mfanyabiashara wa karanga aliyekuja na pikipiki kutoka Pinga, anavua kiatu, kisha soksi, na kutoa noti tatu za dola mia mia.

"Papa, hizi zimekuya na pikipiki ao na miguu?" anauliza Adelaïde, akiziba pua.

Waliopo wanacheka. Nsengimana hacheki. Keshokutwa anakwenda Kampala kununua bidhaa, na anajua wabadilishaji pesa wa kule huipa noti iliyonyooka bei ya juu; iliyokunjamana huigeuzageuza kama mahindi yenye dumuzi. Adelaïde anailaza noti ya kwanza kati ya vitambaa viwili vya pamba na kupitisha pasi taratibu. Nsengimana anafumba macho na kuanza Baba Yetu.

"Banaume batatu bamekwisha kuzimia hapa," anasema Adelaïde. Hakuna anayejua kama anatania.

Fundi huyu wa nguo mwenye umri wa miaka 41, mke wa mkulima wa maharage, hutoza faranga 500 kwa noti. Siku za safari nyingi hunyoosha hata noti ishirini, na hajaunguza hata moja. Kinachomnyima raha ni kushona kwenyewe. Shule jirani inataka kumpa kazi ya sare 120, kwa sharti kwamba kingo za vitambaa zifungwe kwa mashine ya ovaloki zisitoke nyuzi. Mashine hiyo hana, na kazi za namna hiyo huishia kwa mafundi wa Goma.

Mwaka jana alifikisha dola 400, akaamua kuifuata mashine Kampala mwenyewe. Noti zake nne alizipiga pasi kwa mapenzi yote. Kisha, kwa kuhofia majambazi wa barabarani, akazitia kwenye pindo la sketi na kuzishonea humo kwa mkono, mishono midogo midogo iliyobana sawasawa.

Mbadilishaji wa kwanza Kampala aliinua noti kwenye mwanga. Matundu ya sindano yalijipanga mstari kutoka ukingo hadi ukingo. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu na ya nne pia.

"Miaka kumi ninanyoosha dola ya batu, na ya kwangu nimeishona kama shati!" anasema. "Haya ilinishika, nikakosa pa kuangalia."

Alitajiwa bei ya chini, ambayo kwayo kila mia ilihesabiwa kama 88. Fedha hizo zingetosha mashine aliyokwisha kuichagua dukani, na gharama ya kuisafirisha kwa kubanabana; tiketi yake ya kurudi alikuwa ameshainunua. Akaona anaonewa. Alizunguka maduka saba juani akiitafuta bei nzuri, na kila alikoingia alitajiwa pungufu zaidi. Aliporudi kwa yule wa kwanza, duka lilikuwa limefungwa na basi lake lilikuwa linaondoka.

"Nililia mu bisi mpaka mama mumoja akanipa kitambaa," anasema, na hapa hacheki. "Haikuwa juu ya franga. Ile mashini nilikuwa nimekwisha kuigusa na mukono."

Goma, noti zake zilipokelewa kwa dola 80 kila moja.

"Sikumugombeza," anajitetea mumewe, Nzabandora. "Niliuliza tu kama sketi iko salama. Siku mbili nikajipikia."

Sasa zimebaki dola 30 kufikisha zile 400 tena. Mwalimu mkuu wa ile shule jirani, Mama Elodie, amekubali kungoja mpaka mwisho wa Agosti, si zaidi. Safari hii noti zitalala kati ya karatasi mbili ngumu, na sindano zote zitabaki Masisi.

Wasafiri wanaokuja kuchukua noti zao humuuliza ni duka gani la Kampala lenye bei nzuri kuliko yote. Adelaïde huwajibu bila kuinua macho kutoka kwenye pasi.

"Bei nzuri niliitafuta siku muzima, ikanirudisha mikono mitupu. Mi nitaingia duka ya kwanza. Wakinipa ya kutosha mashini, ninatoka mbio."