Chumvi ya Mama Haikugeuka Bluu

Enzi zetu pale Kitanga, baridi ya asubuhi haikuwa sababu ya kuchelewa shule. Tulipita kwenye umande peku, kila mmoja na kipande chake cha muhogo wa kuchemsha, tukikihamisha kutoka kiganja hiki kwenda kile ili mikono ipate joto. Tulipofika shuleni muhogo ulikuwa umeshaisha. Watoto wa leo ukiwapa muhogo wanauliza chai iko wapi. Sisi tuliuliza kama upo mwingine.

Shingo nene nazo zilikuwa jambo la kawaida. Bibi yetu mzaa baba alikuwa na rovu kubwa, umwingo kama tulivyoliita nyumbani, na sisi wajukuu tuligombania kulilalia. Lilikuwa laini na lenye joto, na Bibi akicheka lilitikisika likatutikisa na sisi. Nilidhani kila mwanamke akizeeka huota lake, kama mvi.

Dada yangu Yasinta, aliyenitangulia kwa miaka mitatu, alikuwa bingwa wa rede. Mpira wa soksi haukumpata hata mngemrushia wawili kwa mpigo. Lakini alipofika darasa la saba akaanza kubadilika. Alisinzia akichambua maharage. Alivaa sweta la Mama mchana wa jua kali na bado akalalamika baridi. Sauti ikawa nzito, uso ukaumuka, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Mama alimpaka mawese mpaka akang'aa, kesho yake ngozi imekauka tena. Alikula kidogo kuliko mimi, akanenepa kuliko sisi wote. Na masomo, yeye aliyekuwa hatoki tano bora, yakawa hayakai kichwani.

Tulimwita mvivu. Baba alisema, Mama alisema, majirani walisema. Mimi nilitunga na wimbo kabisa: "Yasinta, Yasinta, kobe kakuacha njiani!" Watoto wa mtaa mzima waliuimba tukirudi kutoka kisimani, yeye akiwa nyuma na ndoo yake, hajibu kitu. Mpaka leo nikiukumbuka ule ukimya wake naona aibu.

Mwishowe Baba akatoa neno. "Akifeli muhula huu, anaacha shule. Siwezi kusomesha usingizi." Na Baba hakuwa mtu wa kurudisha maneno.

Sasa niwaambie kuhusu chumvi ya Mama, maana ndiyo iliyokuwa sifa ya nyumba yetu. Kwake yeye, chumvi ya mawe ya dukani ilikuwa uchafu mtupu. Akiinunua, aliisuuza kwa maji haraka haraka kabla haijayeyuka, akaianika juani juu ya bati, akaikaanga kidogo kwenye chungu, kisha akaitia kwenye kibuyu kisicho na kifuniko, kikaning'inia juu ya moto ili isipate unyevu. Ilitoka nyeupe ya kupendeza. Wanawake walikuja kujifunza kwake, naye aliwafundisha huku kashika kiuno.

Siku moja mwalimu wetu wa sayansi alituagiza tuje na kijiko cha chumvi kutoka nyumbani. Nilikwenda nikitembea kwa maringo. Mwalimu alizipanga karatasi zetu mezani, akadondoshea kila moja tone la dawa kutoka kwenye kichupa. Chumvi za wenzangu ziligeuka bluu, nyingine iliyokoza, nyingine hafifu. Yangu ikabaki nyeupe vile vile.

"Ni kwa sababu ni safi, Mwalimu!" nikasema kwa sauti. Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Akaniuliza kama nyumbani kuna mtu mwenye shingo iliyovimba. Nikamtaja Bibi. Akauliza tena kama kuna anayechoka bila kazi, anayesikia baridi wenzake wakitoka jasho. Nikanyoosha kidole dirishani. Darasa la saba walikuwa wanafyeka uwanja, na Yasinta alikuwa amekaa chini kando ya fyekeo lake, kajikunyata ndani ya sweta, jua la saa sita likimwakia utosini.

Jioni hiyo Mwalimu alikuja nyumbani. Alisimama uani akaeleza kwamba shingoni mwa kila mtu kuna tezi ndogo inayoupa mwili nguvu na joto, na tezi hiyo inahitaji madini joto, ndiyo maana yanatiwa kwenye chumvi. Ukiisuuza chumvi, ukaianika, ukaikaanga, madini yanapotea, na ndiyo maana yetu haikugeuka bluu.

Mama aliacha kazi aliyokuwa akiifanya. "Yewe, Mwalimu! Unasema usafi wangu ndio umemlemaza mwanangu?"

"Sijui, Mama. Mpelekeni hospitali Kasulu apimwe damu."

"Uvivu nao unapimwa?" Baba akaguna.

"Utapimwa, Baba Yasinta," Mama akasema. Sikuwahi kumsikia akimjibu Baba hivyo.

Ukapimwa. Tezi ya Yasinta ilikuwa imelegea, haifanyi kazi yake. Daktari alimwambia Mama kwamba huenda chumvi siyo sababu pekee, maana mambo ya tezi yanatembea pia kwenye ukoo. Akampa Yasinta vidonge, kimoja kila asubuhi kabla ya kula. Mama hakusikia hayo ya ukoo. Waliporudi alikishusha kibuyu, akakivunjia jikoni, akamshika Yasinta mashavu kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mwana wanje. Nilikuwa naosha dawa yako."

Kwa mwezi mzima Mama alimchotea Yasinta maji, akikataa kusaidiwa. Baba hakuomba radhi, ila alirudi na kopo la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, akaliweka jikoni bila kusema ni la nini. Habari ya kuacha shule haikutajwa tena. Na polepole, wiki kwa wiki, dada yangu akaturudia. Nilijua amepona siku aliponipokonya muhogo wangu njiani akakimbia nao.

Siku hizi Mama ndiye Bibi. Juzi binti wa Yasinta alikuja kutoka Dar na chumvi ya waridi kwenye chupa nzuri. "Bibi, hii ni ya asili kabisa, nimeiona mtandaoni, wadau wote wanaitumia."

"Ina madini joto?"

Mjukuu akapekua simu, akapekua weee. Mama hakumsubiri. "Mpelekee ng'ombe alambe, yeye atafurahia rangi."

Wajukuu wa leo hawana rovu la kulilalia, shingo ya Mama ni nyembamba, nami nashukuru. Ila nisiwadanganye, lile joto la Bibi nalitamani bado. Na asubuhi tukipanda mlima kwenda shambani, Yasinta, ameshameza kidonge chake, hutangulia na jembe begani, pamoja na umri wetu huu, mimi nikihema nyuma. Akifika juu hugeuka akanisubiri, na bonde zima likasikia wimbo wangu mwenyewe, sasa ukiwa na jina langu: "Matilda, Matilda, kobe kakuacha njiani!"