Jina la Asberry

Siku ile wanaume wa Pellford walijazana mahakamani kupiga kura: wilaya ikope fedha iipe kampuni ya reli, au isikope. Katika jimbo lao la Kentucky, Marekani, enzi hizo kura haikuwa siri. Karani aliita jina, mwenye jina akajibu kwa sauti. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo Mahala Stidham, mjane, alikuwa chini ya dirisha akiuza pai za tufaha.

"Asberry Stidham," karani akaita.

"Ndiyo kwa reli," sauti ikajibu.

Sinia likamponyoka. Asberry alikuwa mwanawe wa pekee, aliyekwenda vitani na hata maiti yake haikurudi. Akajipenyeza hadi ndani. Hakumwona; aliwaona tu walevi kadhaa na Lathrop, wakala wa reli.

"Ametoka sasa hivi, shangazi," Lathrop alisema akitabasamu. "Mzima kabisa."

Mtu wa kumwambia mama neno kama hilo, sijui ardhi inambebaje. Tangu jioni ile Mahala akawa anaandaa sahani mbili.

Reli ilishinda. Wakajenga tuta la udongo, likaishia katikati ya mahindi ya watu, na Lathrop akatoweka na fedha. Deni likawaangukia wenye mashamba. Wakashtaki kwamba kura zilipigwa kwa majina ya wafu, na kura hizo zikafutwa, hadi ikabaki moja tu ya kufutwa ili uamuzi wote utenguke: ya Asberry.

Gillum, jirani wa Mahala, akamjia.

"Shangazi, sema tu kwamba kijana alikufa. Sote tunajua."

"Wewe ulimzika?"

"Sikumzika. Lakini shamba langu linakwenda mnadani, na nina watoto wanne."

"Nawajua, Gillum. Wote niliwapokea kwa mikono yangu walipozaliwa."

Mahakamani akashika Biblia. Hakimu akamuuliza kama mwanawe yu hai au amekufa. Mahala akawatazama majirani, kisha akautazama mlango kwa muda mrefu.

"Nilimsikia akijibu," alisema.

Deni likabaki. Gillum alihamia jimbo la Missouri bila kuaga. Waliosalia walimpita Mahala pasipo salamu, naye hakuwalaumu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Kila uchaguzi uliofuata alisimama chini ya dirisha lile, mikono mitupu, akisikiliza majina hadi la mwisho. La Asberry halikuitwa tena. Waliolihitaji walishapata walichotaka.