Kamtue Frenki

Usiku ule nililala mapema kuliko kawaida yangu, si kwa uchovu, bali kwa kuukimbia ujumbe niliobebeshwa. Jioni hiyo wanachama wenzangu wa klabu ya kurusha ndege ndogo walikuwa wamekaa kikao nyumbani kwa mwenyekiti. Wakakubaliana kwamba Jumapili ya kumkumbuka marehemu Mzee Mkude, Frenki asionekane uwanjani. Na kwa kuwa katibu ni mimi, mimi ndiye niliyepaswa kwenda kumwambia.

Sisi ni watu wa kawaida tu wa hapa Morogoro. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwenyekiti ana duka la dawa, Frenki ni fundi wa majokofu. Jumapili baada ya misa tunakwenda kwenye uwanja wa zamani wa shamba la mkonge, ambao wenyewe waliuacha siku nyingi, tunarusha ndege zetu. Zina mabawa, zina injini, zina magurudumu, ila rubani anabaki chini ameshika rimoti. Wapita njia wanatuita watoto wenye mvi. Hatukasiriki.

Mzee Mkude ndiye aliyetufundisha wote. Alikuwa fundi saa, na mikono yake ilikuwa na sifa mji mzima. Aliponifundisha mimi alisimama nyuma yangu, vidole vyake juu ya vidole vyangu, akaniambia, "Usiishike kama jembe, mwanangu. Ishike kama kifaranga." Ndege yake ya manjano aliiita Tetere. Aliiunda mwenyewe, akaitengeneza kila ilipoanguka, na ikiwa hewani hata wachunga ng'ombe walisimama kuitazama.

Siku Tetere ilipopotea, anga lilikuwa jeupe na upepo umelala. Ilikuwa juu, imetulia, mara ikayumba. Ikalala ubavu, ikajiinua, ikalala tena, kisha ikashika njia ya milimani. Mzee alikuwa anahangaika na vijiti vya rimoti, hasemi kitu, na sisi tunapiga kelele. Ikazama nyuma ya mikonge. Tuliitafuta mpaka tukashindwa kuonana nyuso, hatukuipata.

Rimoti zetu ni za kizamani. Kila moja ina masafa yake ya redio, na watu wawili wakiwasha masafa yale yale, ndege iliyo juu huchanganyikiwa. Ndiyo maana tuna ubao wenye vibanio, na asiyechukua kibanio cha masafa yake haruhusiwi kuwasha. Tuliporudi kutoka kuitafuta Tetere, tukakuta rimoti ya Frenki inawaka, na kibanio hakukichukua. Masafa yake na ya Mzee yalikuwa mamoja. Frenki akaapa kwamba rimoti aliiwasha baada ya Tetere kuyumba, kwamba alikuwa anaandaa ndege yake na mkono ukateleza. Nani angemsadiki? Wote tulimgeukia Mzee. Mzee akatazama chini, akasema, "Twendeni nyumbani." Hakumlaumu Frenki, wala hakumtetea.

Baada ya hapo Mzee hakurusha tena. Akaugua, akalazwa, akafa kabla ya mvua za vuli. Watu wakasema ni huzuni ya Tetere. Makaburini Frenki aliinama achukue udongo autupe kama wenzake, mmoja wetu akamshika mkono akamwambia, "Wewe acha." Aliacha. Akaondoka peke yake, na uwanjani hakukanyaga tena.

Basi ndivyo nilivyolala usiku ule, moyo hautaki.

Nikajikuta darasani kwangu, nasahihisha madaftari, madawati matupu. Nikasikia mlio wa injini ndogo, ule kama nyuki ndani ya kopo. Nikainua kichwa nijue unatoka wapi, na ukuta wa nyuma wa darasa haukuwapo. Palikuwa na uwanja wetu, majani yamelowa umande, mikonge imesimama safu kwa safu mpaka chini ya milima. Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai.

Mzee Mkude amekaa kwenye dawati la mbele, dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani. Amevaa koti lake la kijivu la kazini. Mikono ameificha makwapani, kama mtu anayesikia baridi.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

Hakuitikia. Na yeye hakuwahi kuacha salamu ya mtu ianguke chini. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba amekufa, na woga ukanipanda taratibu kutoka miguuni, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

Sikuinuka, lakini tayari tulikuwa tunatembea. Yeye mbele, mimi nyuma, na majani anayoyakanyaga hayalali. Mlio ule sasa uko juu yetu. Natazama juu, natazama mpaka shingo inauma, mbingu ni tupu. Nataka kumwambia, "Mzee, ndege haipo." Naogopa kusema neno hilo.

Tukawa jikoni kwake. Mkewe, Mama Vero, ametupa mgongo, anakoleza moto. Juu ya meza kuna kikombe ndani ya kisahani, na kikombe kinatetemeka chenyewe, kinagonga, kinagonga, chai inamwagika mezani na kuchuruzika chini. Mama Vero haigeukii sauti ile. Mzee ananitazama kwa macho ya mtu aliyefumaniwa. Nikanyosha mkono nikizuie kikombe, na mkono wangu ukagusa majani yenye umande, maana tulikuwa uwanjani tena.

Wanachama wote wapo. Wamesimama bega kwa bega, wametupa migongo, wamekuwa kama ua. Mzee anajaribu kupita kulia, hapati nafasi. Anapita kushoto, hapati nafasi. Hawamsukumi, hawamwoni tu. Akarudi kwangu, akatoa mikono makwapani, akanipa rimoti.

"Ishike."

Nikaishika. Ndipo nilipoiona mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, na si kwa baridi. Vidole vile vilivyokuwa vikiokota skrubu ndogo kuliko chembe ya ulezi vilikuwa vinagongana vyenyewe, havimsikii mwenyewe. Alijaribu kuvifumba, vikafumbuka. Nilitamani nitazame pembeni, lakini kichwa hakikugeuka.

"Hayakuwa masafa," akasema. Sauti ni yake, ile ya kukwaruza kidogo. "Ilikuwa mikono yangu."

"Mbona hukusema, Mzee?"

Mlio wa injini ukakoma.

"Mlinitazama wote. Nikaona haya."

Kisha akanyosha kidole kile kinachotetemeka kuelekea kwenye mikonge. Kule mbali Frenki anatembea. Amebeba Tetere begani. Lakini Tetere si ile ndogo ninayoijua, imekuwa kubwa kama ndege za kubebea watu, na bawa lake linaburuta ardhi, na Frenki ameinama kiasi kwamba uso hauonekani. Anapiga hatua, anapepesuka, anapiga nyingine. Namwita. Mdomo unafunguka, sauti haitoki. Nawageukia wenzangu wasaidie, bado wametupa migongo.

"Kamtue," Mzee akasema.

"Mimi?"

"Kamtue, mwanangu. Mimi simfikii."

Nikakimbia. Mikonge ikawa inasogea karibu karibu, miiba inashika khanga yangu ya kulalia, nachomoa huku inashika kule. Kila nikikimbia Frenki yuko pale pale, na mzigo unamshusha. Nikamwona anapiga goti. Nikanyosha mikono yote miwili nilipokee bawa lile, na uzito ulioniangukia ndio ulioniamsha.

Nilikuwa nimekaa kitandani, mikono mbele yangu, kifua kinapanda na kushuka. Nje jogoo wa jirani alikuwa anawika. Midomo yangu ilikuwa bado inasema, "Kamtue, kamtue."

Sitaki kudanganya. Jambo la kwanza nililojiuliza ni kama yule alikuwa Mzee kweli, au ni moyo wangu tu uliokataa kwenda kumfukuza mtu, ukajitungia sababu. Niliswaki, nikachemsha maji, nikasahau kuweka majani ya chai. Kulipokucha vizuri nikaenda kwa Mama Vero.

Nilimkuta anafagia uwanja wa nyumba yake. Nikamwamkia, akaniletea kigoda, nikashindwa kuzunguka.

"Mama, naomba unisamehe kwa swali langu. Mzee, kabla hajalazwa, mikono yake ilikuwa na shida?"

Alisimama na ufagio. Halafu akauweka chini polepole, kama kitu cha kuvunjika.

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Usiku huu."

Mama Vero akakaa kwenye ngazi. Hakulia. Alijifuta mikono kwenye khanga ingawa ilikuwa mikavu.

"Alikuwa amekonda?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Alikuwa kama zamani."

"Afadhali." Kisha akaendelea, "Chai nilikuwa namtilia nusu kikombe isimwagike. Kile kibanda cha saa alikifunga akasema ni macho. Hayakuwa macho. Alinikataza nisimwambie mtu, hata Vero mwenyewe hajui. Nilidhani ni mambo ya mle ndani tu, mwalimu. Sikujua kama yametoka nje yakamshika mtoto wa watu."

Nikamweleza ndoto yote. Nilipofika pale Frenki alipopiga goti, aliniinulia mkono ninyamaze. Akaingia ndani, akatoka amejitanda khanga na kuvaa viatu.

"Twende wote," akasema.

Frenki alikuwa kwenye banda lake karibu na soko, amepiga magoti mbele ya jokofu lililofunguliwa mgongo. Alipomwona Mama Vero alisimama upesi, akarudi nyuma mpaka akagusa ukuta.

"Shikamoo, mama," alisema. "Mwalimu. Kama ni habari ya Jumapili, msisumbuke. Nilikuwa siji."

Nilimwambia. Sikuipamba. Nilisema nilivyomwona Mzee, nilivyoiona mikono yake, na maneno aliyoyasema, yale machache, kama yalivyo. Mama Vero akasema ya kwake, ya chai na ya kibanda. Mteja mmoja alifika akauliza kama jokofu lake limekwisha, hakuna aliyemjibu, akaondoka.

Frenki alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Tulipomaliza alikaa juu ya debe, bisibisi bado mkononi.

"Kwa hiyo alijua," akasema.

"Alijua," Mama Vero akajibu.

"Siku ile ile."

"Siku ile ile, baba."

"Nilikwenda hospitali kumwona. Hilo mlijua? Nilikaa pembeni ya kitanda chake, nikamwomba radhi. Nililia mbele yake kama mtoto. Akanipigapiga begani, akaniambia yamekwisha." Akaiweka bisibisi sakafuni. "Akanisamehe. Mimi! Akanisamehe kosa lake mwenyewe."

Hilo sikulijua. Nilimtazama Mama Vero, naye alikuwa amefunika mdomo kwa khanga. Nilitafuta neno la kumtetea Mzee wangu, aliyenifundisha kurusha ndege, aliyeniita mwanangu, na sikulipata. Nilimpenda na nilimkasirikia hapo hapo, na hadi leo sijaweza kuvitenganisha.

"Aliniomba radhi, huko ulikomwona?" Frenki akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Nani angenikatalia?

"Hapana," nikasema. "Alisema nikutue. Alisema yeye hakufikii."

Frenki alitikisa kichwa taratibu, machozi yanamdondoka, hayafuti. Mama Vero akamsogelea, akapiga magoti kwenye sakafu yenye mafuta, yeye mjane na umri wake, akamshika miguu. Frenki akashtuka, akamwinua, akamwambia, "Mama, usinifanyie hivi, wewe hukunikosea," na wote wawili wakabaki wameshikana, wanayumba kidogo.

Jioni nilikwenda kwa mwenyekiti kumwambia kwamba ujumbe wao sikuufikisha, na kwamba Jumapili nitasimama mbele ya watu niseme nilichokisikia. Alinikatalia, akasema ndoto si ushahidi, akasema tusimchafue marehemu siku yake. Nikamwambia Mama Vero atasema mwenyewe. Jumapili Mama Vero alisema kweli, kwa sauti ya chini, na wengi walitazama viatu vyao. Yule aliyemshika Frenki mkono makaburini aliondoka kabla hatujarusha chochote.

Frenki hakuja. Sikumtegemea aje. Lakini siku ile kule bandani, wakati tunaaga, alinifuata mpaka njiani akanisimamisha.

"Mwalimu," alisema, "akikujia tena, mwambie nimepata salamu zake. Halafu mwambie aje kwangu mwenyewe. Namsubiri."

Mimi hajanijia tena. Kama amekwenda kwa Frenki, Frenki hajaniambia, nami sijathubutu kumuuliza.