Stesheni Isiyo na Abiria

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho na subira ya kuyatumia.

Leo mjukuu wangu amefungua kopo la rangi ukumbini, na harufu yake ikanirudisha kwenye stesheni yetu ya Tabora. Nilikuwa msichana mdogo, nimelichora jengo lile na umati wa abiria mbele yake. Baba, fundi cherehani, akaikuta karatasi.

"Mwanangu, viumbe wenye roho hatuchori. Ukirudia, nachoma karatasi na brashi pia."

Sikulia. Nilirudi stesheni kesho yake, na siku iliyofuata. Kila nilipolichora bila watu, jengo lilionekana kama boksi tupu. Siku ya tatu nilichuchumaa chini kabisa, nikaiona mizigo ya abiria: madumu ya asali kutoka kijiji cha Ipole, mikeka, ndala zilizovuliwa kando. Nikaichora hiyo mbele, kubwa, na stesheni nyuma yake, ndogo.

Baba aliisogeza karatasi karibu na miwani yake. "Abiria wako wapi?"

"Wameenda kuswali, baba."

Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Mjanja wewe! Haya, kachore na msikiti wanakoswali."

Nawe unayesoma, Mungu aibariki mikono yako na kila inachokishika.