Cheti cha Dorkas

Ukipiga simu kituoni kwetu hapa Same, ukauliza mfanyakazi wako anaumwa nini, atapokea Hedwiga wa dirisha la mafaili. Atakujibu maneno matatu: "Cheti ni chetu." Ukibembeleza, anakata. Mabosi humwita jeuri. Waache wamwite. Mimi ni muuguzi, na damu iliyomfundisha kunyamaza niliifuta kwa mikono yangu.

Hedwiga ni wa Mhezi, huko juu milimani. Sisi Wapare tunasemwa kwamba tutauza ng'ombe kufuata kesi ya kuku; Hedwiga angeuza na zizi. Mtu akisingiziwa mbele yake, hanyamazi.

Mwaka juzi, msimu wa tangawizi, alikuja Dorkas, mwosha tangawizi wa kiwanda kimoja cha Mamba. Mumewe, Anderson, alikuwa amempiga kwa mchi mpaka mkono wa kushoto ukavunjika mara mbili. Aliteremka Same ili majirani wasimwone, akafikia kwa dada yake nyuma ya soko. Tulimfunga plasta, daktari akamwandikia ED, ile ruhusa ya mgonjwa kutokwenda kazini, ya siku ishirini na moja. Kabla ya kutoka aliinamia dirisha la Hedwiga.

"Dada, mume wangu asijue niliko. Safari hii ataniua."

Hedwiga akamwapia.

Picha ya ED ilipofika kiwandani kwa simu, msimamizi, mzee Eliufoo, aliitilia shaka. Msimu ule ED za kughushi zilikuwa nyingi kuliko magonjwa, na mgonjwa gani wa Mamba ataruka zahanati zote za kwao aje kutibiwa Same? Akatupigia.

Karatasi ya ulinzi wa taarifa binafsi ilikuwa ukutani, juu kidogo ya kichwa cha Hedwiga: mwajiri athibitishiwe cheti, basi. Lakini Eliufoo alisalimia kwa Chasu, lugha yetu Wapare, akamuuliza ukoo wake, akamtaja babu yake kwa jina. Kwetu, mtu akishakujua ukoo, ni vigumu kumjibu kiofisi.

"Mwanangu," akasema, "huyu Dorkas si ananidanganya tu?"

Hedwiga akawaka. "Akudanganye nini, baba? Mkono umevunjika mara mbili, eksirei nimeiona kwa macho yangu! Hata kuoga anaogeshwa na dada yake, huko nyuma ya soko anakolala."

Eliufoo hakuwa na nia mbaya. Aliridhika, akatoka hadi getini ambako Anderson hupakia magunia, akampa pole ya kuuguliwa na mke, akasema ni bahati shemeji yupo Same wa kumtunza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Anderson alikodi bodaboda, panga ndani ya koti. Saa nane mchana alivunja mlango kwa teke. Dada wa Dorkas alipomzuia alimpiga kwa ubapa wa panga, meno ya mbele yakang'oka. Dorkas aliinua mkono wenye plasta kujikinga. Panga lilipasua plasta, likapita. Alipoanguka, Anderson alimkanyaga mdomoni kwa buti. Wapagazi wa sokoni walimwangusha kwa mawe, na wangemmaliza kama polisi wasingefika.

Dorkas aliletwa juu ya toroli la muuza nyanya. Mkono ulikuwa umeshikiliwa na ngozi tu. Nilikaza kamba juu ya kiwiko, damu ikanijaa viatuni, na nikamchukia kila mwanamume aliyekuwa anachungulia mlangoni. Hedwiga alikuja na faili lile lile, maana ndiyo kazi yake.

"Nani alimwambia?" Dorkas aliuliza.

Hakuna aliyekuwa anajua bado. Ningekuwa mimi, ningenyamaza.

"Mimi," alisema Hedwiga. "Nilikuwa nakutetea."

Dorkas alikusanya nguvu zilizombakia, akamtemea mate yenye damu usoni. Hedwiga hakujifuta. Alifungua faili, akaandika jina, saa ya kuingia, na ni mkono upi.