Katiyo ka Moteri na Kasiksi ya Bakwe

Mwanangu, kuko siku moja naikumbuka na majina yake yote. Ilikuwa wakati wa vita, mimi ningali mama wa nguvu, meno yote mu kinywa. Tulikuwa tunatoka Butembo kupeleka mahari Oicha: mbuzi, na kasiksi, ile pombe ya ndizi. Mutoto wangu Paluku alimutaka Masika, na baba ya Masika alikuwa ametuma neno: "Leo jua ikizama hamujafika, ninamupa mwingine."

Asubuhi nilikosa kitu cha kuvuta kasiksi mu pipa nijaze bidon. Nikafungua kapo, kile kifuniko ya moteri, ya kamioneti ya shemeji yangu Kakule. Ilikuwa gari ya zamani ya bazungu, moteri imejaa tutiyo, tubomba tudogo twa mupira, kama matumbo ya mbuzi. Basema bazungu banatuweka ili moshi isichafue hewa. Nikajisema: kwetu kila jiko inatoa moshi, nani atauliza? Nikang'oa kamoja kembamba, nikavuta kasiksi yangu, nikakatia mu kikapo changu, Kakule sikumwambia hata kitu. Akili ya kujipa peke yako, mwanangu, haina wa kuishika mukono.

Ku kupanda milima, hakuna shida. Lakini kabla ya kufika Beni kulikuwa bariere ya basoda, kizuizi cha askari. Kakule akaachia gaz, akatoa muguu ku mafuta, apunguze mwendo. Pa! Pa! Pa! Bomba ya moshi ikalia kama bunduki. Basoda bote mu mutaro! Komanda yao aliingia kichwa mbele, na sahani yake ya maharagi.

"Nani anapiga?"

"Ni gari, komanda!" Kakule, mikono juu.

"Gari ya mahari, papa," nikasema, "hapana ya vita."

"Mahari na masasi ya bunduki? Basi bakwe benu hawatakataa!"

Kati yao kulikuwa muzee mumoja, Katembo, alikuwaka fundi wa magari kabla ya vita. Akafungua kapo, akainama.

"Mama, hii pompi inasukuma hewa mu moshi. Kulikuwa katiyo ka kuizuia wakati dereva anaachia gaz; bila kako, hewa inakutana na mafuta mu bomba ya moshi, inalipuka. Kako wapi?"

Kakule akaniangalia. Mimi nikaangalia mawingu. Halafu nikakatoa mu kikapo. Katembo akakanusa.

"Kamelewa." Akakarudisha pahali pake. "Mama, kazi ya kitu usipoijua, hapana kusema haiko. Shemeji yako ungemuuliza, hatungekula udongo."

Komanda akataka kuhakikisha. Kakule akakanyaga gaz, akaachia. Kimya kabisa. Lakini basoda balikuwa tayari mu mutaro.

Tulifika Oicha jua inagusa miti, na watu wa yule mwingine banapangusa viatu ku mulango. Wakarudi kwabo na viatu byao safi. Masika ndiye mama ya bajukuu bangu.

Basi mwanangu, usitoe kitu mu kazi ao mu nyumba ya mutu kabla ya kuuliza kinafanya nini. Aibu ya kuuliza inapita mbio. Asiyeuliza atajieleza mbele ya bunduki. Na ukikosea, sema mapema, usiangalie mawingu. Mungu akupe mulomo wa kuuliza, na shemeji mwenye roho ya kusamehe, na njia ikufungukie kila pahali unangojewa. Amina.